Sarafu ya dhahabu imechomolewa ndani ya barua ya rejista: nina haki gani, na je, nimrudishie mnunuzi fedha zake?

Mwalimu_wa_Chumbageni (Tanga)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Ninalileta jambo hili kwenu kwa sababu humu nimeona watu wanaozijua sarafu na stempu za kale, na wengine walioifanya kazi ya posta kwa miaka mingi, nami peke yangu nimefika mahali ambapo sioni pa kushika.

Marehemu baba yetu alituachia kopo la bati lenye sarafu za enzi za Wajerumani. Mlikuwa na pesa za shaba za mwaka 1890, heller kadhaa, rupia sita za fedha zenye sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na sarafu moja tu ya dhahabu, ile ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na manowari za Waingereza, fedha kutoka kwao haziji, wakaamua kupiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Upande mmoja ina tai mwenye taji, na upande wa pili ina ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima. Babu yetu alikuwa seremala katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na baba alitueleza kwamba sarafu hiyo alipewa na msimamizi aliyekuwa akiondoka, badala ya ujira wa miezi mingi aliokuwa akimdai.

Baada ya kukaa kikao cha familia tulikubaliana kuiuza, kwa kuwa paa la nyumba ya mama pale Ngamiani limeoza na mvua za masika haziangalii huzuni ya mtu. Nilimpata mnunuzi nchini Ujerumani kupitia kundi la wakusanyaji. Tulipatana bei kwa uwazi, akalipa zote kwa njia ya benki kabla sijatuma chochote. Kwa hiyo simlaumu kwa lolote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Siku ya kutuma nilianzia kwa sonara, jamaa yetu, akaipima sarafu kwa mizani yake ndogo: gramu 7.1. Nikaiviringisha katika kipande cha khanga ya mama, nikaiweka katikati ya kadi mbili ngumu nilizozibandika pembeni kwa selotepu angavu, kisha nikaitia yote ndani ya bahasha nene. Kaunta waliipima bahasha ikawa gramu 48, na uzito huo umeandikwa kwenye risiti yangu ya rejista. Majuma matatu baadaye mnunuzi aliniletea picha. Pembe ya chini ya bahasha imepasuliwa kwa mstari ulionyooka kama wa wembe, urefu wake kama wa kidole gumba, na juu ya mpasuo umebandikwa utepe wa rangi ya kahawia ambao si wangu. Kadi zimo. Kipande cha khanga kimo, kimekunjwa vizuri. Katika kadi moja bado linaonekana duara, alama ya sarafu ilipokuwa imegandamizwa, na sarafu yenyewe haimo. Aliipima bahasha nyumbani kwake na vilivyomo vyote, akapata gramu 41.

Sitataja ofisi wala kampuni yoyote iliyoibeba, kwa sababu kati ya Tanga na mji wa mnunuzi imepita mikono mingi, na sijui ni upi uliofanya hivi.

Lipo jambo moja ninaloona aibu kulisema, lakini nikilificha ushauri wenu hautanifaa. Kwenye karatasi ya tamko la forodha niliandika kuwa ndani mna "kumbukumbu ya familia" yenye thamani ya shilingi 20,000. Mtu mmoja alinishauri hivyo, akisema ukiandika dhahabu unawaita wezi, na ukiandika thamani kubwa mpokeaji anatozwa kodi. Nilimsikiliza.

Ninaomba kujua nianzie wapi kudai, na kama tamko lile limeniharibia haki yangu yote. Ninaomba pia kujua kama ninawajibika kumrudishia mnunuzi fedha zake, ambazo kwa sehemu kubwa tayari zimekwisha kununua mabati na mbao.

---

Mkusanyaji_Bagamoyo

Pole sana, dada. Nimesoma habari yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye uzito. Watu wengi huandika tu kwamba bahasha ilifika tupu, na mwenye kuchunguza hana cha kushika. Wewe unayo namba tatu zinazozungumza pamoja: 48 ilipoondoka, 41 ilipofika, na 7.1 ya sonara. Sarafu ya rupia 15 ina uzito rasmi wa gramu 7.2 hivi, kwa hiyo pengo hilo ni sarafu yenyewe, wala si kadi wala kitambaa. Mwombe sonara akuandikie karatasi yenye tarehe na sahihi yake leo hii, kabla hajasahau.

Tatizo liko kwenye ile 41. Mizani ya jikoni ya mnunuzi haitamtosha mchunguzi. Mwambie arudi na bahasha ileile kwenye kaunta ya posta ya kwao, waipime wao, waandike uzito na hali ya mpasuo, na wampe nakala. Asiitupe bahasha, asiubandue ule utepe wa kahawia, asiitoe stempu hata moja. Najua sisi wakusanyaji tuna tabia ya kukata stempu mara tu barua inapofika. Safari hii bahasha ni ushahidi.

Muulize pia kama juu ya utepe au karibu yake kuna mhuri au kibandiko cha forodha. Forodha wanayo mamlaka ya kufungua barua kutoka nje, nao wakifungua kwa kawaida huacha alama inayosema kuwa ni wao. Mpasuo wa wembe pembeni, uliozibwa kimyakimya, si kazi ya ofisi inayotaka ijulikane imefungua. Hata hivyo muulize, ili jambo hilo liondolewe mapema lisije likaletwa baadaye kama kisingizio.

Ninakuhimiza kwa sababu mimi nilichelewa. Miaka kadhaa iliyopita nilituma Uingereza kadi ya posta ya zamani yenye stempu ya ile yoti ya Kaizari na mhuri wa Bagamoyo uliosomeka herufi zote. Kwa asiyejua, hiyo ni kadi chakavu. Kwetu sisi wa hapa, mji ambao Wajerumani walifungua posta Oktoba 1890 sambamba na Dar es Salaam, mhuri kama ule una thamani kuliko stempu iliyo chini yake. Haikufika. Mpokeaji alinisihi nisubiri kwanza, nikasubiri, nikapata safari, nikauguliwa na mzazi, na nilipokwenda kudai ulikuwa mwezi wa nane. Nilijibiwa kwa adabu kwamba muda umepita. Sikuwa na picha ya upande wa nyuma, wala sikuwa na karatasi yoyote ya bei. Tafadhali usisubiri.

---

Mzee_wa_Kaunta

Mwanangu mwalimu, pole na mtihani huu. Nilifanya kazi ya posta kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa kwenye barua za rejista, na sasa nimestaafu niko Makorora. Nitakueleza namna jambo hili linavyokwenda, pamoja na sehemu zisizopendeza.

Tazama namba ya risiti yako. Ina herufi mbili, kisha tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, ambazo kwetu ni TZ. Ile tarakimu ya tisa hutokana na hesabu ya nane zilizotangulia, ili karani akikosea kuandika mashine iikatae. Herufi ya kwanza ndiyo inayoeleza ni huduma gani uliyolipia. Ikiwa ni R, hiyo ni rejista. Ingekuwa V, ingekuwa barua ya bima, yaani yenye thamani iliyotangazwa na kulipiwa. EMS, ile huduma ya haraka, huanza na E, na vifurushi huanza na C. Kwa maelezo yako, yako ni R, na tofauti ya herufi hiyo moja ndiyo itakayoamua kiasi utakacholipwa.

Barua ya rejista haitembei kama barua ya kawaida. Kila inapobadilisha mikono huorodheshwa, na anayepokea huitia sahihi. Akiona imepasuka, imelowa au imepungua uzito, anatakiwa aandike taarifa hapohapo, kwa sababu akinyamaza na kupokea, ameichukua kama nzima. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, dhima humwangukia yule aliyepokea bila kutoa dosari na asiyeweza kuonyesha kwamba naye aliikabidhi mbele ikiwa salama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana uchunguzi unawezekana hata kama wewe humjui mwizi. Nenda na risiti yako mahali ulipotumia, uombe kufungua ulizo. Fomu yake ya kimataifa inaitwa CN 08. Muda wake ni miezi sita, kuanzia siku inayofuata ile uliyotuma, na majuma saba au manane si kuchelewa. Ambatanisha nakala ya risiti, karatasi ya sonara, picha za bahasha pande zote mbili na picha za sarafu. Ukiwasilisha, usiondoke bila nakala iliyogongwa mhuri wa tarehe.

Sasa kuna swali moja ambalo jibu lake linaweza kulibeba dai lako au kuliangusha. Mnunuzi alipopokea, alitia sahihi akaingia ndani, au alimwonyesha mleta barua ule mpasuo? Barua ya rejista ikishakabidhiwa na mpokeaji asiseme neno, dhima ya posta kwa kawaida imekwisha. Akitoa hoja wakati wa kupokea, au dosari ikigunduliwa na kuandikwa wakati huo, dhima inabaki. Muulize, na akuletee maandishi, si maneno ya simu.

Kuhusu kiasi, sitaki ujidanganye. Fidia ya msingi ya barua ya rejista iliyopotea au kuibwa yote ni SDR 30. Hicho ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama dola 40 za Marekani. Bei mliyopatana haiingii humo, wala faida uliyoikosa, wala uchungu wa kupoteza urithi. Zaidi ya hapo, mkataba wa Umoja huo unakataza sarafu, noti, dhahabu, fedha, vito na vitu vingine vya thamani kuwekwa katika barua isiyo na bima, isipokuwa pale ambapo sheria za nchi inayotuma na inayopokea zinaruhusu vitumwe kwa rejista katika bahasha iliyofungwa. Kwa hiyo mchunguzi anaweza kukuuliza kwa nini uliweka dhahabu mle. Jibu ukweli. Usiandike fomu ya pili yenye thamani nyingine, wala usimwombe mnunuzi abadilishe maelezo, maana karatasi ya kwanza ipo na itasomwa.

Tamko la shilingi 20,000 limekuumiza, lakini si kwa namna unayoiogopa. Wezi wa barua hawahitaji kusoma karatasi, kwani sarafu ndani ya bahasha hujulikana kwa vidole. Uliyekosa kumwambia ni karani wa kaunta, ambaye kama angejua kilichomo angekwambia kwamba barua ya rejista haifai kubeba kitu hicho, na angekueleza kama kwa nchi hiyo ipo huduma ya bima na mwisho wake ni kiasi gani. Thamani ikizidi SDR 300, ile karatasi ndogo ya CN 22 haitoshi, unajaza CN 23, na kodi ya mpokeaji ni jambo la mpokeaji mwenyewe, mnalizungumza katika bei.

Haki ya kudai ni yako wewe mtumaji. Ukipenda, unaweza kuiacha kwa maandishi ili alipwe mpokeaji. Na kama ulizo likikaa bila kujibiwa au jibu lisikuridhishe, malalamiko ya huduma za posta hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, baada ya kuwa umempa kwanza mtoa huduma nafasi ya kujibu. Nakala yako yenye mhuri ndiyo watakayoiuliza.

---

Mfanyabiashara_Pongwe

Dada mwalimu, mimi ninauza na kutuma mizigo kila juma, na msimamo wangu ni kwamba usirudishe fedha. Ulituma kweli, una risiti, uzito unaonyesha sarafu ilikuwemo. Mzigo ukishakabidhiwa kwa mchukuzi ni wa mnunuzi. Yeye ndiye anayetakiwa kuhangaika na posta ya kwao. Ukianza kulipa utakuwa umekubali kosa ambalo si lako, na nyumba ya mama itabaki na mabati nusu.

---

Msomi_wa_Sheria_Raskazone

Ndugu wa Pongwe amesema jambo lenye asili ya kweli, lakini ameishia njiani, na sehemu iliyobaki ndiyo inayomhusu mwalimu.

Ikiwa mkataba huu unaangaliwa kwa sheria ya hapa nyumbani, yaani Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni kweli kwamba muuzaji aliyeruhusiwa au kutakiwa kusafirisha bidhaa, akishamkabidhi mchukuzi, huhesabiwa kwa kawaida kuwa amemkabidhi mnunuzi. Sheria hiyohiyo lakini inamtaka muuzaji afanye mapatano na mchukuzi yanayolingana na aina ya bidhaa na mazingira yake. Asipofanya hivyo na bidhaa ikapotea njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa, au kumdai muuzaji fidia. Sarafu ya dhahabu ya maelfu ya dola, kwa rejista, bila bima, chini ya tamko la shilingi 20,000: sioni hakimu atakayeyaita hayo mapatano yanayolingana na bidhaa, isipokuwa kama mnunuzi mwenyewe ndiye aliyeyachagua.

Kwa hiyo, mwalimu, rudi kwenye jumbe zenu. Tafuta mahali mlipozungumza namna ya kutuma. Je, ulimtajia njia ghali na njia nafuu? Alisema nini? Kama alisema rejista inatosha, naye amebeba sehemu ya hatari ile. Kama hakuulizwa, mzigo uko kwako kwa kiasi kikubwa. Hifadhi mazungumzo yote jinsi yalivyo, usifute hata salamu.

Halafu nenda polisi. Huu ni wizi. Uandikiwe taarifa, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa hiyo katika kitabu cha polisi, kisha uiambatanishe na ulizo la posta. Polisi huenda wasimpate mtu, lakini siku sarafu itakapojitokeza dukani au mnadani, mwenye duka atakuuliza kama wizi uliwahi kuripotiwa, na tarehe ya RB ndiyo itakayokutofautisha na mtu yeyote aliyeipenda tu.

Jambo la mwisho ni kwa wote wanaosoma. Vitu vya kale vya nchi hii vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuvipeleka nje kunaweza kuhitaji kibali. Sarafu ya mwaka 1916 si sawa na sarafu za masultani wa Kilwa, lakini kabla ya kutuma ni vema kuuliza idara inayohusika na kupata jibu la maandishi. Dai la kitu kilichotoka kihalali lina nguvu kuliko la kitu ambacho mwenyewe unaogopa kukitaja.

---

Mwalimu_wa_Chumbageni (Tanga)

Shikamoo Mzee wangu wa Kaunta, na ahsanteni nyote. Nimelia kidogo niliposoma habari ya tamko, kisha nikafanya mlivyosema.

Mnunuzi amejibu. Alitia sahihi mlangoni kabla ya kuitazama bahasha, lakini aliuona utepe mleta barua akiwa bado hajafika kwenye gari lake, akamwita, naye akaandika kwenye kifaa chake kuwa bahasha imeharibika. Jioni ileile alikwenda kaunta na kupewa karatasi inayotaja mpasuo na utepe. Uzito hawakuuandika siku hiyo. Amerudi juma hili, wameupima, nao ni gramu 41. Hakuna kibandiko cha forodha. Katika jumbe zetu nimekuta siku nilipomuuliza: nilimwandikia kwamba ipo njia ya haraka ambayo ni ghali sana, naye akajibu kwamba rejista inatosha, wamekuwa wakipokea hivyo siku zote. Nimefungua ulizo, nakala ina mhuri, na namba ya RB ninayo.

---

Mzee_wa_Kaunta

Alhamdulillahi. Kule kumwita mleta barua kabla hajaondoka kumekuokoa, mwanangu. Mshukuru mnunuzi huyo kwa niaba yangu. Sasa kila baada ya majuma mawili nenda ukaulize, ukiwa na nakala yako mkononi, na uandike tarehe na maelezo uliyopewa. Ulizo linaloulizwa halisahauliki kwenye trei.

---

Mkusanyaji_Bagamoyo

Dada, usisahau kuitangaza sarafu yenyewe. Sarafu hizi zina aina mbili, na hutofautishwa kwenye upande wa tai: tazama nakshi ya mkono wa kulia, kama ncha yake inaishia chini ya herufi T au chini ya herufi A katika neno OSTAFRIKA. Ukiongeza na mikwaruzo yake, utakuwa umeieleza kiasi kwamba haitachanganywa na nyingine. Waandikie wauzaji wa sarafu na nyumba za mnada, hasa za Ujerumani, maana huko ndiko wanunuzi wake wengi waliko. Muuzaji mwaminifu hataki kukamatwa na mali ya wizi.

---

Mwalimu_wa_Chumbageni (Tanga)

Ndugu zangu, leo ni mwezi wa tano tangu nianze mada hii, na ninadaiwa taarifa.

Ulizo lilijibiwa baada ya majuma kumi na moja. Hawakuweza kutaja sehemu ambapo bahasha ilipasuliwa, lakini walikubali kwamba ilikabidhiwa ikiwa imeharibika na imepungua uzito, kwa hiyo dai likapita kwa kiwango cha rejista, karibu shilingi laki moja. Sikubishana. Nilieleza ukweli wote kuhusu tamko langu, na afisa aliyenihoji alinisikiliza bila kunidhalilisha.

Kwa mnunuzi nilimtumia maelezo ya Msomi wa Raskazone, nikamwambia kwamba nimeona kosa langu na la kwake. Tulipatana kwamba mimi nirudishe theluthi mbili ya bei kwa awamu nne, naye abebe theluthi moja kwa kuwa alichagua njia ile. Fedha za fidia nimemwachia yeye, zimekatwa katika awamu ya kwanza. Kaka zangu wamechangia awamu ya pili. Ndugu wa Pongwe, nimeyafikiria maneno yako usiku mwingi, lakini mtu huyu alinilipa kabla hajaona kitu, akamkimbilia mleta barua barabarani kwa ajili yangu, na sikuweza kumwambia kwamba ilikwisha kuwa hasara yake.

Rupia sita za fedha bado zipo, na hazitatumwa kwa barua. Nimepiga picha kila moja pande zote mbili juu ya karatasi yenye mistari ya sentimita, nikaandika uzito wake kwa mizani ya sonara, nikampa kaka nakala aihifadhi kwake.

Na hii ndiyo sarafu yetu, kwa atakayekutana nayo Dar es Salaam, Mombasa, Hamburg au kwingineko. Ni rupia 15 za dhahabu, mwaka 1916, yenye herufi T. Kwenye upande wa tai, nakshi ya kulia inaishia chini ya T ya OSTAFRIKA. Kwenye upande wa ndovu, juu kidogo ya ncha ya mkonga, ukingo una pengo dogo kama alama ya jino, ambalo baba alisema lilikuwapo tangu alipokabidhiwa na babu. Mgongoni mwa ndovu kuna mikwaruzo miwili inayokwenda sambamba, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Uzito wake kwa mizani ya sonara ni gramu 7.1. Picha zake nimeziweka chini ya ujumbe huu, na anayeiona aandike hapahapa.